Historia ya vipimo vya ukolezi, ndani ya pakiti moja ya ORS

Chukua pakiti ya ORS, ile ya kuongeza maji mwilini mtu akiharisha. Igeuze, usome mgongoni. Utakuta kitu kama hiki: kloridi ya sodiamu (yaani chumvi ya kawaida) gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5, sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Yeyusha katika lita moja ya maji safi.

Sasa fungua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu pakiti hiyohiyo. Hapo namba zimebadilika: sodiamu milimoli 75 kwa lita, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20, sitreti 10, jumla miliosmoli 245. Ni dawa ileile, maji yaleyale, ila lugha mbili tofauti.

Kama uliwahi kusoma kemia ya sekondari, najua unachokumbuka: "badili gramu kwa lita kuwa moli kwa lita", alama tatu, na jasho. Wengi wetu tulilichukulia kama zoezi la kututesa tu. Leo nataka nikuonyeshe kwamba kila kipimo kati ya hivyo kilizaliwa kwa sababu kulikuwa na swali ambalo kipimo cha zamani kilishindwa kulijibu. Na kwa pakiti hii, swali lilikuwa la kufa na kupona.

Dramu tatu katika painti sita

Twende Uingereza, mwishoni mwa 1831. Kipindupindu kimeingia kwa mara ya kwanza, watu wanakufa ndani ya saa chache, na madaktari wanawatoa wagonjwa damu wakidhani wanawasaidia. Kijana wa miaka 22, William O'Shaughnessy, anapima damu ya wagonjwa na kugundua jambo ambalo leo linaonekana wazi: damu imepoteza maji na chumvi. Kwa hiyo, anasema, virudishwe.

Mei 1832, daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, analifanya kwa vitendo. Anaingiza maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa wa mwanamke mzee aliyekuwa anakata roho. Baada ya painti sita hivi, ndani ya nusu saa, mama yule anarudi: macho yanang'aa, mapigo ya moyo yanasikika. Latta anamwacha mikononi mwa daktari mwingine. Kuharisha kunarudi, hakuna anayemwongezea maji, na baada ya saa chache anafariki.

Latta aliandika alichochanganya: dramu mbili hadi tatu za chumvi, na skrupuli mbili za kaboneti ya soda, katika painti sita za maji. Hebu tubadili tuone.

Dramu moja ya wauza dawa ni takriban gramu 3.9. Dramu mbili hadi tatu ni gramu 7.8 hadi 11.7. Mpaka hapo sawa. Painti je? Hapa ndipo pagumu. Sheria ya vipimo ya Uingereza ya 1824 ilileta painti mpya ya mililita 568, lakini painti ya zamani ya mvinyo, mililita 473, ilikuwa bado mikononi mwa wauza dawa. Painti sita ni lita 3.4 kwa ile mpya, lita 2.8 kwa ile ya zamani. Ukipiga hesabu za pembe zote, chumvi yake inaanzia gramu 2.3 hadi gramu 4.1 kwa lita. Gawanya kwa 58.44, tungamo la moli moja ya chumvi, unapata milimoli 39 hadi 70 kwa lita.

Damu ya binadamu ina sodiamu ya milimoli kama 140 kwa lita. Hata ukiongeza sodiamu iliyotoka kwenye kaboneti ya soda, hufiki 100. Kwa maneno mengine, Latta alikuwa anamwaga lita kadhaa za maji mepesi kuliko damu yenyewe, na maji mepesi hivyo huzifanya seli nyekundu zivimbe. Wazo lilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa chini. Latta alifariki 1833, na njia yake ikawekwa kando kwa miongo mingi.

Jambo hili halikuishia Ulaya. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia za misafara ya biashara, kikafika pwani ya Pangani na kisha Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, alifuatilia njia hizo na kuchapisha kitabu kizima mwaka 1876. Alijua ugonjwa umepita wapi. Maji ya chumvi ya Latta yalikuwa tayari na umri wa miaka 37, lakini hayakuwa sehemu ya tiba.

Kwa nini Latta asingeweza kuhesabu moli?

Unaweza kuuliza: si angegawa tu kwa 58.44? Hapana, maana namba hiyo haikuwapo. Avogadro alikuwa ameshasema tangu 1811 kwamba ujazo sawa wa gesi, katika joto na kanieneo sawa, una idadi sawa ya chembe, lakini wengi hawakumsikiliza. Mnamo 1832 wanakemia walikuwa bado wanabishana kama maji ni HO au H₂O, yaani kama uzito wa oksijeni ni 8 au 16. Usipojua uzito wa atomu, huwezi kujua gramu zako zina chembe ngapi. Mzozo ulianza kutulia baada ya mkutano wa Karlsruhe wa 1860, pale Stanislao Cannizzaro alipowarudisha wenzake kwa Avogadro.

Katikati ya mzozo huo kazi za maabara hazikusimama. Watu walipima asidi, soda, siki, sabuni, na walihitaji kipimo kisichosubiri wakubwa wamalize ugomvi. Wakatumia uwezo wa kutenda: kiasi hiki cha asidi kinamaliza kiasi hiki cha besi, basi hivyo viwili vinalingana, iwe maji ni HO au H₂O. Friedrich Mohr, katika kitabu chake cha titresheni cha 1855, ndiye aliyeueneza mmumunyo wa "nomali": ule wenye kiasi kimoja kinacholingana katika lita moja. Kwa hiyo nomaliti, ambayo leo wanafunzi wanaiona kama mzigo wa ziada juu ya molariti, kwa kweli ni kaka yake mkubwa.

Neno "moli" lenyewe lilikuja miaka ya 1890 kwa Wilhelm Ostwald. Ilichukua hadi 1971 kuingizwa rasmi kwenye vipimo vya kimataifa, na tangu Mei 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kutegemea uzito wa kitu chochote.

"Nomali" mbili zisizojuana

Hapa tulia kidogo, kuna mtego. Ukiingia wodini utasikia "normo salaini" au "nomali salaini", ile dripu ya 0.9%. Mwanafunzi wa kemia akisikia "nomali" anafikiri 1 N. Tubadili.

Asilimia 0.9 hapa ni gramu 0.9 katika mililita 100. Zidisha kwa 10, ni gramu 9 kwa lita. Gawanya kwa 58.44, ni moli 0.154 kwa lita, au milimoli 154. Mmumunyo wa chumvi ulio nomali kwa maana ya Mohr ungekuwa na gramu 58.44 kwa lita, mara sita na nusu zaidi. Ukimwekea mtu huo mshipani, unamuua.

Hiyo 0.9% ilitoka kwa Mholanzi Hartog Hamburger, aliyetumia miaka mingi mwishoni mwa karne ya 19 akitazama seli nyekundu za damu ndani ya maji ya chumvi ya ukolezi mbalimbali: wapi zinapasuka, wapi zinasinyaa, wapi zinabaki kama zilivyo. Mholanzi mwenzake, Jacobus van 't Hoff, aliyepata Nobeli ya kwanza kabisa ya kemia mwaka 1901, alikuwa ameeleza sababu: kanieneo ya osmosi inategemea *idadi* ya chembe zilizoyeyuka. Uzito wake hauna neno, aina yake haina neno. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika vipande viwili, sodiamu na kloridi, kwa hiyo milimoli 154 zinakuwa miliosmoli 308. Glukosi haigawanyiki, milimoli moja inabaki miliosmoli moja.

Utumbo unahesabu, haupimi uzito

Sasa turudi kwenye pakiti. Dripu inaokoa, lakini inataka sindano, chupa safi na mtu aliyefunzwa. Kipindupindu kinapenda mahali ambapo hivyo vyote havipo. Kwa nini mgonjwa asinywe tu maji ya chumvi? Kwa sababu chumvi peke yake haipiti vizuri kwenye utumbo unaoharisha.

Mwaka 1960, Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo sodiamu na glukosi huvushwa kwa pamoja, na maji yanafuata. Kumbuka vile vivuko vya mtoni ambavyo mwenye mtumbwi haondoki hadi abiria watimie. Sodiamu bila glukosi inabaki ng'ambo. Mwaka 1968 huko Dhaka, iliyokuwa Pakistani ya Mashariki wakati huo, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aliyekunywa mchanganyiko wa chumvi na glukosi kwa kiasi kilekile alichopoteza alihitaji dripu chache sana.

Kisha ikaja vita ya 1971. Mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India, na kipindupindu kikawapata kambini. Huko Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Timu yake ikaanza kupima na kufunga kwenye mifuko ya plastiki: chumvi gramu 3.5, magadi ya kuokea (bikaboneti ya sodiamu) gramu 2.5, glukosi gramu 22 kwa kila lita. Ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha. Vifo kambini, vilivyokuwa karibu 30% ya wagonjwa, vilishuka hadi 3.6% kwa waliotibiwa hivyo.

Fanya hesabu nami: 3.5 ÷ 58.44 ni milimoli 60 za sodiamu. 2.5 ÷ 84 ni milimoli 30 nyingine. Jumla 90. Mwaka 1975 WHO na UNICEF walipokubaliana kanuni moja ya dunia nzima, sodiamu ilikuwa hiyohiyo 90, wakaongeza potasiamu 20, na glukosi gramu 20, yaani milimoli 111. Baadaye bikaboneti ikabadilishwa kuwa sitreti, kwa sababu pakiti zilikuwa haziwekeki muda mrefu kwenye joto na unyevu.

Kutoka 311 kwenda 245

Kanuni ile iliokoa watu wengi mno. Lakini jumlisha chembe zake zote: sodiamu 90, kloridi 80, potasiamu 20, sitreti 10, glukosi 111. Ni miliosmoli 311. Damu iko kama 290. Kwa hiyo mmumunyo ulikuwa mzito kidogo kuliko damu, na kwa watoto wengi wasio na kipindupindu, bali kuhara kwa kawaida, haukupunguza kiasi cha kinyesi kama ilivyotarajiwa. Akina mama waliona: mtoto anakunywa, bado anaharisha. Wengine wakaacha.

Baada ya majaribio ya miaka mingi, mwaka 2002 kanuni ilibadilishwa: chumvi ikashuka hadi gramu 2.6, glukosi hadi 13.5. Jumla 245, chini ya damu, na maji yanaingia kwa wepesi. Watoto waliolazimika kuwekewa dripu baadaye walipungua kwa karibu theluthi moja.

Sasa tazama gramu za kanuni mpya: 2.6 za chumvi, 2.9 za sitreti, 13.5 za glukosi. Unaona uhusiano wowote? Hakuna. Tazama milimoli: sodiamu 75, glukosi 75. Abiria wamelingana. Hilo ndilo gramu haziwezi kukuambia, na ndiyo sababu aliyepanga kanuni alifikiri kwa moli, halafu akabadili kuwa gramu kwa ajili ya mtu wa mizani kiwandani.

Vidole vitatu na konzi moja

Bado kuna ubadilishaji mmoja, na kwangu huu ndio mgumu kuliko yote. Kijijini hakuna pakiti, hakuna mizani. Unabadilije milimoli kuwa kitu anachokijua mama?

Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza majaribio huko Sulla mwaka 1979. Kipimo walichofundisha ni mbano mmoja wa chumvi kwa vidole vitatu, konzi moja ya gur, na nusu sia ya maji. *Gur* ni ndugu wa sukari guru yetu, neno na kitu. Sia ni kipimo cha kienyeji. Nusu yake ya maji ni kama mililita 466.

Tuseme unataka sodiamu kati ya 60 na 90. Katika lita 0.466 unahitaji milimoli 28 hadi 42, sawa na gramu 1.6 hadi 2.5 za chumvi. Basi swali la kisayansi likawa: je, vidole vitatu vya mwanamke wa Sulla vinabana gramu ngapi? Hawakukisia. Walichukua sampuli za mimumunyo iliyochanganywa na akina mama wenyewe, wakaipima maabara. Wafundishaji nao walilipwa kulingana na jinsi akina mama walivyokumbuka na kuchanganya vizuri baadaye, wala si kwa idadi ya nyumba walizotembelea. Kufikia 1990 walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kwenye kaya zaidi ya milioni 12.

Na jikoni kwako?

Kanuni ya nyumbani inayofundishwa pengi ni hii: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, bila kilima. Tuipitishe kwenye mizani yetu.

Kijiko cha mililita 5 cha sukari ni kama gramu 4, sita ni gramu 24. Tungamo la moli ya sukari ya mezani ni 342, kwa hiyo ni milimoli 70. Utumbo huikata kila molekuli kuwa glukosi moja na fruktosi moja, unapata glukosi 70. Nusu kijiko cha chumvi ni kama gramu 3, sodiamu 51. Sio pakiti, potasiamu na sitreti hazipo, lakini uko kitongoji kilekile.

Sasa vuruga kidogo. Kijiko kizima cha chumvi badala ya nusu: sodiamu 103. Kijiko kizima katika chupa ya nusu lita: 205, juu ya damu kwa mbali. Maji hayo hayamwongezei mtoto maji, yanamnyang'anya. Na pakiti ya lita moja ikimwagwa kwenye chupa ya nusu lita, sodiamu inakuwa 150 na jumla miliosmoli 490. Kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa sababu kuna pakiti za lita moja na kuna za nusu lita, na chupa za maji dukani ziko za kila saizi.

Kwa hiyo, ya kubeba nyumbani:

- Asilimia (gramu katika mililita 100) × 10 = gramu kwa lita.
- Gramu kwa lita ÷ tungamo la moli = moli kwa lita. Zidisha kwa 1,000 upate milimoli.
- Milimoli × chaji ya ayoni = hesabu ya nomaliti. Sitreti ina chaji tatu, hivyo milimoli 10 za sitreti huja na sodiamu 30.
- Milimoli × idadi ya vipande baada ya kuyeyuka = miliosmoli.
- Asilimia ikiwa ni ya uzito kwa uzito, lazima uhusishe densiti. Asidi ya HCl ya 37% ina densiti ya 1.19, hivyo lita moja ina gramu 440 za HCl, ambazo ni kama moli 12. Ukisahau densiti utapata 10, na titresheni yako yote itaenda kombo.

Jipime: pakiti ya lita moja imeyeyushwa katika chupa ya mililita 750. Sodiamu ni ngapi, jumla ni ngapi? (75 ÷ 0.75 = 100; 245 ÷ 0.75 = 327. Ni mzito kuliko hata kanuni ya 1975. Ongeza maji mililita 250 kabla ya kumpa mtu.)

Na kama mtoto anaharisha sasa hivi unaposoma: tumia pakiti ukiweza kuipata, soma kiasi cha maji kilichoandikwa, pima kwa chombo unachokijua ujazo wake, mpe kidogokidogo. Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya huku ukiendelea kumnywesha njiani.